Masizi Hayaui Bunduki

Fomu ilimfikia ikiwa imeshajazwa. Tukio: bunduki namba kumi na saba kukwama baada ya risasi moja. Sababu: uchafu. Mzembe: jina la askari, namba yake ya kazi, na pembeni tarehe ya kufukuzwa kwake, Ijumaa hiyo hiyo. Kilichobaki ni mstari mmoja chini kabisa, wa saini ya fundi wa silaha, na fundi mwenyewe alikuwa bado hajaifungua hiyo bunduki.

"Shemeji, ni saini tu," alisema karani, akimsogezea kalamu. "Dakika moja. Hata chai yako haitapoa."

Karani alikuwa mdogo wa mume wake, mwanamume mwenye kalamu tatu mfukoni na kazi ya kalamu moja. Fundi alimtazama, akaitazama fomu, kisha akaiweka chini ya kikombe cha chai.

"Mwambie kamanda daktari haandiki cheti cha kifo kabla hajamwona maiti."

"Shemeji, mimi nimetumwa."

"Basi sasa umetumwa tena. Nenda."

Hapo kambini, kwenye kikosi cha walinzi wa msitu, kila mtu alimwita Mama Masizi, kwa sababu ya weusi uliokaa kwenye mistari ya viganja vyake na kukataa sabuni zote. Wengine wangeona ni tusi. Yeye aliona ni cheo, tena cha haki kuliko vile vya mabegani. Ufundi aliurithi kwa baba yake aliyekuwa akitengeneza mashine za kuvuta maji, na alipoajiriwa kutunza silaha, watu wakicheka kwamba mwanamke na bunduki wapi na wapi, alijibu kwamba pistoni ni pistoni, haijui kama inasukuma maji au risasi. Hiyo ilikuwa miaka kumi na miwili iliyopita. Waliocheka walishastaafu, na yeye alikuwa bado na funguo.

Kisa chenyewe kilikuwa na siku nane. Askari wawili walikutana na wezi wa magogo. Mmoja wao alikuwa Kimya, kijana aliyeweza kumaliza doria nzima kwa maneno matano, na mwenzake alikuwa shemeji yake, kaka wa mke wake. Wezi walianza kufyatua. Kimya akajibu risasi moja, akavuta kifyatulio tena, bunduki haikulia. Ganda tupu la risasi lilikuwa limebanwa kwenye mlango wa bunduki wa kutemea maganda, nusu ndani nusu nje. Alipokuwa akihangaika kulitoa, shemeji yake alipigwa risasi ya goti. Alimbeba mgongoni hadi barabarani. Sasa yule alikuwa hospitali na mguu ambao madaktari walikuwa wakiuzungumzia kwa sauti ya chini, na huku kambini kamanda alitaka mtu wa kubeba lawama kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa wageni wa makao makuu walikuwa wanakuja kukagua. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na jua la kambi hii lilikuwa Kimya.

Mama Masizi akafunga mlango wa ghala la silaha, akaitandika namba kumi na saba juu ya meza, akaifungua.

Alitarajia uchafu, kwa kuwa ndivyo fomu ilivyosema. Akakuta mng'ao. Pistoni ilitoka ikimetameta kama kijiko cha wageni. Akaigeuza, akaipeleka dirishani. Hakuna chembe ya masizi, wala hakuna ile rangi ya chuma kilichozoea moto. Kulikuwa na mikwaruzo myembamba tu, mamia kwa mamia, yote ikizunguka upande mmoja.

Bunduki za kikosi zilikuwa za kujipakia zenyewe. Risasi ikitoka, gesi yake ya moto hupenya kitundu kidogo kwenye mtutu, ikasukuma pistoni, na pistoni ikasukuma mtambo nyuma, ganda tupu likatemwa na risasi mpya ikaingia. Gesi hiyo hiyo huacha masizi. Huganda kichwani mwa pistoni, yakifika unene fulani hayazidi, na bunduki inaendelea kula na kutema kama kawaida. Ukifuta kwa kitambaa na mafuta kidogo, inatosha. Hakuna moto usio na masizi, na chuma kinachofanya kazi lazima kilike kidogo kidogo, kama soli ya kiatu. Hilo si kosa la mtu.

Alichukua mikrometa, kile kifaa cha kupimia unene, akapima kichwa cha pistoni, akafungua daftari alimoandika vipimo vya kila bunduki siku ilipofika ikiwa mpya. Akapima tena, akidhani mkono umemdanganya. Pistoni ilikuwa imepungua mno. Gesi ilikuwa ikipita pembeni yake na kwenda zake, na nguvu iliyobaki haikutosha kulitema ganda. Kilichoikwamisha namba kumi na saba kilikuwa usafi.

Akaketi kwenye kigoda. Alijua mara moja usafi huo ulikotoka. Kila Alhamisi kikosi kilikwenda uwanja wa shabaha, na kila Ijumaa asubuhi kamanda alipita gwarideni na leso nyeupe, iliyofuliwa na kupigwa pasi na mke wake, akiizungushia kidoleni na kukiingiza ndani ya kila bunduki. Leso ikitoka na doa, mwenye bunduki alifagia uwanja wote peke yake. Kwa hiyo kila Alhamisi jioni askari karibu wote walikaa kwenye ngazi za bweni wakisugua pistoni kwa msasa mpaka zing'ae. Kimya alikuwa ameshinda tuzo ya bunduki safi mara tatu. Picha yake ilibandikwa ubaoni, ameshika cheti, hacheki.

Na msasa ule walikuwa wakiupata wapi?

Hilo ndilo swali lililomchoma. Akavuta daftari jingine, la vifaa vilivyotoka ghalani. Msasa, karatasi arobaini. Msasa, karatasi arobaini. Kila mwezi, miaka kumi na miwili, na kila mstari ulikuwa na saini yake mwenyewe. Alijua kuwa chuma hakisuguliwi hivyo. Baba yake angemchapa kwa bomba la mashine. Mwaka wa kwanza alimwambia kamanda aliyekuwepo, akaambiwa silaha ya serikali lazima ing'ae, akanyamaza, na mwaka wa pili akasahau kwamba aliwahi kusema. Nyani haoni kundule. Mama Masizi alijionea haya.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Kimya, kofia mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ingia."

Hakuingia, alisimama kizingitini. "Nimekuja kusema usihangaike. Ni mimi. Wiki ile nilisugua mara moja tu, sikurudia. Mke wangu alikuwa na homa. Ningerudia, isingekwama." Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kumsikia akisema kwa mwaka. "Saini tu, mama. Shemeji yangu analala kule kwa sababu yangu."

Mama Masizi alitaka kulia, na kwa kuwa hakupenda kulia, akagomba.

"Kaa chini! Kaa hapo, kichwa kigumu we! Ona. Hii ni pistoni yako. Hii hapa ni ya mlinzi wa geti. Ipi nene?"

Kimya akazishika zote mbili. Ya mlinzi wa geti ilikuwa nyeusi kama sehemu ya chini ya chungu. Mzee yule alikataa kusugua tangu siku ya kwanza, akisema bunduki si sinia, na kwa ukaidi huo alifagia uwanja kila Ijumaa kwa miaka kumi na miwili. Walimwita Mzee Ufagio.

"Hii nyeusi," alisema Kimya polepole.

"Zilikuja siku moja, kwenye sanduku moja. Zimepiga risasi zile zile kila Alhamisi. Yako imemalizwa na msasa, na msasa nimekupa mimi. Ukitaka wa kumlaumu, anza na huyu aliyekaa mbele yako."

Kimya alikuwa akipitisha kidole gumba juu ya chuma chenye mng'ao, taratibu, kama anayepapasa kidonda cha mtu mwingine.

Siku mbili zilizofuata Mama Masizi alipima bunduki zote arobaini. Mbali na namba kumi na saba, kumi na moja zilikuwa zimekwisha kabisa, na zile kumi na moja zilikuwa zinaingia msituni kila siku.

Nyumbani, Jumatano jioni, alimkuta mama mkwe uani amechuchumaa, akisugua sufuria kwa mchanga. Mama mkwe aliamini mke mzuri hutambulika kwa matako ya sufuria zake, na kwa imani hiyo alikuwa ameshatoboa mbili. Mama Masizi alisimama akamtazama. Mdomo ulimwasha. Lakini kuna vita vya mtu na vita vya Mungu, akapita kimya kimya akaingia ndani.

"Nasikia umekataa saini," alisema mume wake, akiikunja kanzu aliyokuwa anapiga pasi. Mdogo wake alikuwa ameshamfikishia habari. "Mke wangu, mwenye nguvu mpishe."

"Nimempisha miaka kumi na miwili. Kuna mtu hana goti."

"Watakunyang'anya kazi."

"Wanyang'anye. Ufundi wataung'oa wapi?"

Mume wake alimjua. Akawasha tena pasi, akaichukua sare ya kazi ya mke wake, akaanza kuinyoosha kola.

Alhamisi, uwanja wa shabaha, kikosi kizima kikiwa mstarini, Mama Masizi alitembea mpaka mbele akiwa na bunduki mbili, namba kumi na saba begani na namba nne ya Mzee Ufagio mkononi. Kamanda alikuwa chini ya turubai. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Alikuwa mtu aliyefundishwa leso na mkubwa wake, ambaye naye alifundishwa na mkubwa wake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza leso inapima nini.

"Fundi, fomu yangu iko wapi?"

"Nimekuja kuijaza, afande. Naomba risasi kumi."

Hakusubiri jibu. Alipakia tano kwenye namba kumi na saba, akalenga, akafyatua. Mlio mmoja. Ganda likabanwa mlangoni. Askari wakanong'onezana. Kisha akaketi juu ya mkeka, akazifungua bunduki zote mbili mbele ya macho ya watu, akatoa pistoni ya Kimya iliyong'aa na ile nyeusi ya Mzee Ufagio, akazibadilisha. Hakugusa kitu kingine.

Namba kumi na saba, yenye pistoni nyeusi, ilipiga risasi zote, pa, pa, pa, na maganda yakaruka yakaanguka mchangani kama njugu. Namba nne, ambayo haikuwahi kukwama tangu izaliwe, ilipiga moja ikakabwa.

Kisha sauti ya Mzee Ufagio ikasikika kutoka mwisho wa mstari: "Sasa naomba kujua, ule ufagio tunampa nani?"

Watu waliangua kicheko. Kamanda hakucheka. Alitoka chini ya turubai, akamwita Mama Masizi na Kimya pembeni, karibu na gari, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililomtia Mama Masizi wasiwasi zaidi ya ukali.

"Sawa. Nimeona. Tusikuze mambo. Ile sababu tutaifuta, tuandike uchakavu wa kawaida. Chuma kimezeeka, basi. Kijana anabaki kazini, jina lake safi. Wewe unabaki na funguo zako. Kesho tunakagua kama kawaida, wageni wanaondoka, tunaendelea."

Siku nne Mama Masizi alikuwa akipigania jambo moja, kijana huyu asifukuzwe, na sasa alikuwa anapewa kwenye sahani. Hata jina lake mwenyewe kwenye daftari la msasa lingefunikwa. Kalamu ya kamanda ilikuwa imeshatoka mfukoni.

"Na msasa?" aliuliza.

"Silaha ya serikali lazima ing'ae, fundi."

"Bunduki kumi na moja, afande. Zimekwisha kama hii."

"Tutaziombea vipuri. Mwakani."

Akaitazama kalamu. Uchakavu wa kawaida ulikuwa ule wa pistoni ya Mzee Ufagio, miaka kumi na miwili ya moto na bado inafanya kazi. Huu mwingine ulikuwa na mikono iliyousababisha. Lakini mbele yake alikuwepo kijana mwenye mke mgonjwa, na je, ana haki gani ya kuuchezea mkate wa mtu kwa ajili ya ukweli wake yeye? Akamgeukia Kimya, akitaka kumwambia, mwanangu, nisamehe, ninasaini.

"Usisaini, mama," alisema Kimya.

"We kijana," kamanda akaanza.

"Kesho wanaoingia msituni ni wengine, afande." Akamkazia macho kamanda. "Nilimbeba shemeji yangu kilomita sita. Alikuwa akiniomba msamaha kwa uzito wake. Mimi sitaki jina safi. Usisaini, mama."

Mama Masizi akachukua kalamu. Aliitandaza fomu aliyokuja nayo juu ya boneti ya gari, akalikata jina la Kimya kwa mstari mmoja ulionyooka. Penye sababu aliandika: kusuguliwa kwa msasa kwa amri ya ukaguzi, pistoni nyingine kumi na moja hazifai, zisitoke. Penye mzembe akaandika jina lake mwenyewe kwa sababu ya kutoa msasa, na chini yake akaandika kamanda wa kikosi kwa sababu ya kuuagiza. Akasaini.

"Umejipalia makaa," alisema kamanda.

"Nimezoea makaa, afande. Angalia mikono."

Jioni karani alikuja kuchukua funguo. Hakumtazama usoni. "Wamesema usiguse silaha yoyote ndani ya ua, mpaka itakapoamuliwa. Na Kimya kesho akimaliza gwaride, anaondoka." Akazipokea funguo kwa mikono miwili, kama anayepewa mtoto. "Shemeji, mimi nimetumwa."

"Najua. Na fomu?"

"Kamanda amesema niiweke kwenye faili." Karani akapapasa kalamu zake tatu. "Hakusema faili lipi. Nimeiweka kwenye lile la wageni."

Kwa mara ya kwanza tangu aolewe kwenye ukoo ule, Mama Masizi alimmiminia chai.

Ijumaa asubuhi alikuwa kwenye kiti cha Mzee Ufagio, nje ya geti. Aliambiwa asiguse silaha ndani ya ua, na geti, kwa hesabu yake, halikuwa ndani. Kwa hiyo aliifungua namba nne mapajani, akairudishia pistoni yake nyeusi, aliyotoka nayo uwanjani ikiwa mfukoni, akaifuta kwa kitambaa chenye mafuta. Kupitia nondo za geti aliona mstari mzima wa askari, wageni watatu wenye suti, na kamanda na leso yake iliyotoka kwenye pasi.

Wa kwanza mstarini alikuwa Kimya, na siku hiyo ilikuwa yake ya mwisho. Alipewa bunduki ya akiba. Kamanda akaingiza kidole, akakitoa. Leso ilikuwa na doa jeusi la ukubwa wa sarafu.

"Hii ni nini?"

"Masizi, afande. Inafanya kazi."

Kamanda akaruka kwenda kwa wa pili, haraka, kama mtu anayetaka kupita mahali penye harufu. Nyeusi. "Masizi, afande. Inafanya kazi." Wa tatu. Wa nne. Jana jioni hakuna aliyekaa kwenye ngazi za bweni. Kila mmoja alifuta, akapaka mafuta, akaenda kulala, na sasa kila mmoja alisema maneno yale yale, wengine kwa kunong'ona, mmoja kwa sauti ya kupasuka, na mkubwa wao kwa umri akayasema huku machozi yakimtoka. Walipofika wa kumi na mbili leso haikuwa na sehemu nyeupe ya kutosha kidole. Kamanda alisimama nayo mkononi asijue aiweke wapi.

Mmoja wa wageni alikuwa na faili wazi. Alisoma kitu, akarudi nyuma hadi mwanzo wa mstari, akamuuliza Kimya jambo. Mama Masizi hakulisikia swali. Jibu alilisikia, maana Kimya alilisema kwa sauti ambayo kambi ile haikujua kama anayo.

"Muulizeni fundi wetu! Yuko getini!"

Vichwa vyote vikageuka. Mgeni akapunga mkono kumwita, na karani, kalamu zikimrukaruka kifuani, akaja mbio kufungua.

"Shemeji, wanakuita. Bomba lipo hapa, nawa kwanza, nawa haraka!"

Mama Masizi alisimama. Akamkabidhi Mzee Ufagio bunduki yake, akajinyoosha kola aliyopigiwa pasi na mume wake. Kisha akaitazama mikono yake, nyeusi mpaka kwenye kucha, akapita mbele ya bomba, akaingia bila kunawa.